Kazi ya Mafuriko Hufanywa Kiangazi

Mwanzoni mwa Septemba 2017, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimama kibarazani kwenye nyumba moja ya Kigogo, futikamba mkononi, nikisubiri mwenye nyumba aamue kama ataniruhusu kuingia ndani. Jua lilikuwa kali. Mto Msimbazi, uliokuwa hatua chache nyuma ya choo cha nyumba hiyo, ulikuwa mfereji mweusi wa maji yasiyofika magotini, na mgeni angeweza kuapa kwamba mto ule haujawahi kumdhuru mtu. Tulimwamkia bibi mwenye nyumba, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, kisha akalitazama kopo la rangi lililochungulia kwenye mkoba wa mwenzangu. Akauliza swali ambalo tulikuwa tumeshaulizwa katika nyumba tatu zilizotangulia: "Wajukuu zangu, mmekuja kutuwekea X?"

Aliyeishi Dar es Salaam miaka hiyo hahitaji kuelezwa maana ya swali hilo. Mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba nyingi za Bonde la Msimbazi zilibomolewa, na kabla ya tingatinga kufika, ukuta ulikuwa ukichorwa X nyekundu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na serikali ilikuwa ikitekeleza sheria hiyo baada ya miaka mingi ya watu kujenga, kuzaa, kuzika na kusomesha watoto ndani ya mita hizo 60. Kwa hiyo kijana mwenye futikamba na kopo la rangi hakuwa mgeni wa heri. Nilimweleza bibi kwamba rangi yetu ni ya kuweka nukta za vipimo kwenye nguzo za kivuko tu, na kwamba tulichotaka kujua ni jambo moja: maji ya mwaka 2011 yalifika wapi.

Alinyamaza kidogo. Kisha alifungua mlango wa chumba cha ndani, akamwita mjukuu wake wasogeze kabati, na nyuma ya kabati nikaona mstari wa rangi ya chai ya rangi, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, kutoka kona moja ya chumba hadi nyingine. "Hapa ndipo maji yalipolala," alisema. Nilipima kutoka sakafuni: sentimita 132. Nikaandika kwenye simu, nikapiga picha, nikashukuru, tukaenda nyumba ya tano. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kazi yangu, na kipimo hicho cha kwanza nilichokiandika kwa kujiamini kilikuwa na kosa.

Nimekuwa nikipata ujumbe kutoka kwa vijana waliomaliza jiografia, uhandisi wa maji, upimaji ardhi au mipango miji, wakiuliza namna ya kuanza kazi ya usimamizi wa hatari ya mafuriko. Wengi wanauliza kuhusu vyeti na programu za kompyuta. Nitayagusa hayo, lakini ninataka kwanza waujue mto mmoja na kosa moja, kwa sababu sehemu kubwa ya ninachojua nilikipata hapo.

Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na kusafiri kilomita zipatazo 35 hadi baharini, pale Daraja la Salenda. Njiani unapokea vijito vinavyotoka Ubungo, Sinza na kwingineko, unapita Tabata, Vingunguti, Kigogo na Magomeni, kisha unatandazika Jangwani, mahali palipo tambarare kiasi kwamba maji huwa kama hayajui upande wa kwenda. Ukitoka Pugu mvua inaponyesha, mto una mteremko na maji yanakimbia. Ukifika Jangwani mteremko umekwisha, na maji yanayokuja nyuma hayajaambiwa. Vilima vilivyovuliwa miti na viwanja vilivyochongwa kwa ajili ya nyumba mpya vinautupia mto mchanga na tope, na mashapo hayo yanatua papo hapo chini, kwa hiyo kitako cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka wakati kingo zimebaki zilipo. Kisha kuna bahari. Wavuvi wa Kunduchi hawahitaji kufundishwa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, wala maji mafu, siku ambazo hujaa na kupwa kidogo, lakini mimi nilihitimu chuo bila kufikiria kwamba mambo hayo yanahusu mafuriko ya mjini. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Dar es Salaam huwa takriban mita 3, na mvua kubwa ya Pugu ikifika Salenda saa ileile bahari imejaa, mto unakuta mlango umefungwa na unarudi majumbani mwa watu.

Hayo yote yalikutana Desemba 2011. Mvua iliyoanza kunyesha tarehe 20 mwezi huo ilitajwa na wataalamu wa hali ya hewa kuwa kubwa kuliko zote jijini tangu mwaka 1954, na watu zaidi ya 40 walifariki. Nilikuwa bado sekondari. Ninakumbuka kuona kwenye televisheni watu wamekaa juu ya mabati ya Jangwani wakisubiri helikopta, na ninakumbuka baba akisema kwamba wale watu waliambiwa wahame. Nilimwamini. Ilinichukua miaka sita na chumba cha bibi wa Kigogo kufahamu kwamba kuambiwa uhame, bila kuambiwa uhamie wapi na utakula nini ukifika huko, ni maneno ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuyasikia na bado akabaki.

Sasa nirudi kwenye kosa. Wiki moja baada ya zoezi, tulikaa na mhandisi aliyekuwa akitusimamia, mtu mzima mwenye sauti ya chini, tukaanza kuweka vipimo vyetu juu ya ramani ya kimo cha ardhi. Utaratibu ni rahisi kuueleza: ukijua ardhi ya mahali fulani iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi gani, ukaongeza kina cha maji kilichopimwa ukutani, unapata kimo cha uso wa maji ya siku ile. Uso wa maji hauna matuta. Nyumba mbili jirani, zilizokumbwa na mafuriko yaleyale, lazima zitoe kimo kinachokaribiana. Kimo tulichopata kwenye nyumba ya bibi kilikuwa chini ya cha majirani zake kwa karibu nusu mita, kana kwamba maji yalichimba shimo yalipofika mlangoni kwake.

Mhandisi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ile sakafu, ni ya mwaka gani?"

Sikujua, kwa sababu sikuwa nimeuliza. Nilirudi Kigogo kesho yake, na bibi akanieleza kwa utulivu jambo ambalo angenieleza siku ya kwanza kama ningemuuliza. Baada ya mafuriko ya Aprili 2014 wanawe walichanga, wakanunua kifusi, wakajaza chumba chote kwa kimo cha kozi mbili za tofali, wakamwaga zege juu yake. Ndiyo maana niliinama kuingia mlangoni na sikujiuliza kwa nini mlango ni mfupi. Mwaka 2011 sakafu ilikuwa chini zaidi kwa sentimita 50, na maji yale hayakuwa sentimita 132. Yalikuwa sentimita 182, yaani juu ya kichwa cha bibi mwenyewe na juu ya vichwa vya wajukuu wote aliokuwa akiwalea wakati ule.

Sentimita 50 zinaweza kuonekana kuwa jambo dogo kwa mtu aliye ofisini. Kwenye bonde tambarare, ukishusha uso wa maji kwa sentimita 50 kwenye ramani, mstari wa mafuriko unarudi nyuma na kuiacha safu nzima ya nyumba ikiwa na rangi ya usalama. Kosa langu lilikuwa limewapa watu wa safu hiyo usalama wasiokuwa nao. Tulirekebisha, tukarudia nyumba zote tulizopima na kuuliza kila mahali habari za sakafu, vizingiti na kifusi, na kufikia tarehe 20 Septemba ramani sahihi ilikuwa tayari kuchapishwa na kubandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa.

Haikubandikwa. Ilihitaji idhini ya ofisi moja ambayo sitaitaja, na ilikaa kwenye droo ya ofisi hiyo wiki tano ikisubiri sahihi. Nilipiga simu, nilikwenda, niliambiwa mhusika yuko safarini, niliambiwa nirudi Jumatatu. Kulikuwa na jua, mto ulikuwa mfereji, na hakuna aliyeona sababu ya haraka. Tarehe 26 Oktoba 2017 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam tangu alfajiri, na Msimbazi ulitoka kwenye kingo zake.

Bibi alikuwa ameshatoka. Alikuwa na mfumo wake wa tahadhari, na ninausimulia hapa kwa sababu ni mzuri kuliko mifumo mingi niliyoiona ikizinduliwa kwa suti na chupa za maji mezani. Binti yake anaishi Gongo la Mboto, upande wa juu wa mto. Mvua ikinyesha huko kwa nguvu, binti anapiga simu, hata ikiwa saa nane usiku. Bibi anaamka, anamtuma mjukuu mkubwa akaangalie kivuko cha miguu. "Maji yakigusa mbao za kivuko," aliniambia, "nina muda wa kuchemsha chai tu, si wa kuinywa." Vyeti vya watoto, kadi za kliniki na hati za nyumba viko kwenye ndoo yenye mfuniko, na ndoo iko juu ya kabati. Anabeba ndoo na watoto, anapanda kwa ndugu yake upande wa barabarani. Huo mfumo una mtoa taarifa aliye juu ya mto, una kipimo, una muda uliopimwa kwa uzoefu, una uamuzi uliokwisha kufanywa kabla ya hofu kuja, na una mahali pa kwenda. Kila nilichosoma baadaye kuhusu mifumo ya tahadhari ya mapema kilikuwa maelezo marefu ya vitu hivyo vitano.

Lakini katika ile safu ya nyumba ambayo ramani yangu ya kwanza iliiacha na ya pili ikairudisha, kulikuwa na familia ya wapangaji iliyohamia Julai. Mama, mume wake fundi wa viatu, na watoto wawili. Mwenye nyumba alikuwa amepiga plasta na rangi mpya kabla ya kupangisha, kwa hiyo alama ya maji iliyokuwa ukutani ilikuwa imefunikwa. Hakuna aliyewaambia. Walipona wote, wakipitia dirishani kwa msaada wa vijana wa jirani, na walipoteza kila kitu walichokuwa nacho, pamoja na cherehani ya ngozi iliyokuwa ndiyo riziki ya nyumba. Nilikwenda kupima siku mbili baadaye. Maji yalifika sentimita 64 kwenye plasta mpya. Yule mama aliniona nikipima, akaniuliza kama nilikuwa nimejua kwamba maji yatafika pale. Nilimjibu kwamba nilijua. Sijawahi kulisahau jibu hilo nililolitoa, na ndilo lililonifanya nibaki kwenye kazi hii wakati wenzangu kadhaa walipohamia kwenye barabara na majengo, ambako mishahara inaeleweka.

Kwa hiyo ninapoulizwa kazi hii ni ya namna gani, ninasema kwamba ni kazi ya Juni hadi Septemba. Mvua ya vuli ikianza Oktoba au masika yakiingia Machi, sehemu kubwa ya kazi yako imekwisha kufaulu au imekwisha kushindwa, na kilichobaki ni cha waokoaji, ambao ni watu wengine wenye ujuzi mwingine. Ugumu wake wa kwanza ni kuwafanya watu wenye mamlaka, na wewe mwenyewe, muone haraka wakati hakuna wingu. Ningejua hivyo Septemba ile, ningelala kwenye ngazi za ofisi ile mpaka sahihi ipatikane. Ninawaambia vijana wazi: jifunzeni kudai sahihi kwa adabu na bila kuchoka, kwa sababu hakuna chuo kinachofundisha somo hilo na linaokoa watu.

Sasa kuhusu masomo yenyewe. Hesabu zinatisha watu bila sababu, kwa kuwa zile za msingi ni chache na zinashikika. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ukilijua hilo, mvua ya milimita 50 juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 50,000, yaani maboza 5,000 yale ya lita 10,000 yakimwaga maji kwa pamoja kwenye mtaa mmoja. Penye udongo na majani sehemu ya maji hayo huzama ardhini. Penye mabati, lami na zege karibu yote yanakimbilia mtaroni. Kisha kuna kanuni ya mhandisi Robert Manning wa Ireland, ya karne ya 19, ambayo bado tunaitumia kila siku: kasi ya maji kwenye mtaro inategemea mteremko, umbo na ukwaruzo wake. Zege laini lina ukwaruzo wa takriban 0.013, na mfereji wenye magugu na takataka unaweza kufika 0.05 na zaidi. Kwa kina na mteremko uleule, mtaro wa pili unapitisha robo tu ya maji ya ule wa kwanza. Nilipoifanya hesabu hiyo kwa mkono kwa mara ya kwanza, nilielewa kwamba mwenyekiti wa mtaa anayewahimiza watu wazibue mitaro mwezi wa nane anafanya uhandisi, na anastahili kusikilizwa kama mhandisi.

Hesabu inayowapotosha watu wengi, hata wasomi, ni ile ya "mafuriko ya miaka 100". Mtu akisikia hivyo anadhani kwamba yakija leo, wajukuu wa wajukuu zake ndio watakaoyaona tena. Maana yake ni kwamba kila mwaka uwezekano wa mafuriko ya ukubwa huo ni asilimia 1, na mwaka unaofuata ni asilimia 1 ileile, kwa kuwa mto hauweki kumbukumbu ya zamu. Anayejenga nyumba na kutarajia kukaa miaka 30 ana uwezekano wa takriban asilimia 26 wa kuyaona walau mara moja. Kwa mafuriko ya miaka 10, anayekaa miaka 10 tu ana uwezekano wa asilimia 65. Nimeacha kabisa kutumia maneno "ya miaka 100" kwenye mikutano ya mitaa. Ninasema: ukiishi hapa mpaka mtoto huyu mchanga amalize chuo na kuoa, pana uwezekano wa mara moja katika nne kwamba maji yatafika hapa, na ninaonyesha kwa mkono ukutani. Watu wananielewa na wanaanza kuuliza maswali ya kweli.

Na hesabu hizo zenyewe zinasimama juu ya kumbukumbu za mvua na za mito ambazo mtu fulani alizichukua kwa mkono, kila siku saa tatu asubuhi, kwa miaka. Kituo kikikosa mwangalizi kwa masika moja, pengo hilo halizibiki milele. Niliwahi kupelekwa Kilosa, ambako Mto Mkondoa ulifurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukafukuza watu majumbani na kuikata reli ya kati. Nilikwenda kufanya kazi ya tuta na mashapo, lakini kilichonishika ni daftari la mzee mmoja aliyesoma kipimo cha mto, lenye mistari iliyonyooka na mwandiko wa shule ya zamani. Alikuwa ameandika hata siku za Idi na za Krismasi. Kijana anayetaka kuanza kazi hii aanze kwa kuwaheshimu watu wa namna hiyo, na akipata nafasi ya kuwa mmoja wao kwa mwaka mmoja, aichukue.

Nafasi zenyewe ziko wapi? Ziko zaidi ya zinavyotangazwa. Tanzania imegawanywa katika mabonde 9 ya maji, kila moja na bodi yake. Dar es Salaam iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao Morogoro. Kuna Mamlaka ya Hali ya Hewa, kuna idara ya menejimenti ya maafa katika Ofisi ya Waziri Mkuu, kuna halmashauri, Msalaba Mwekundu, na kampuni za washauri zinazofuata miradi. Waliosoma Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine, Chuo cha Maji au chuo cha hali ya hewa Kigoma wote ninawakuta kwenye meza moja, na sijaona shahada moja inayotosha peke yake. Programu za kujifunzia hazihitaji pesa: QGIS ya ramani ni ya bure, na HEC-RAS ya mwenendo wa mito, iliyotengenezwa na wahandisi wa jeshi la Marekani, nayo ni ya bure. Data za Dar es Salaam ziko wazi kwa kiasi ambacho miji mingi ya Afrika haina, kwa sababu ya Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015 na kuwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa yao, nyumba kwa nyumba na mtaro kwa mtaro, kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa kila mtu. Chukua mtaa wenu, chora mitaro yake, pima upana na kina, uliza maji yalilala wapi. Utakuwa na kazi ya kuonyesha kabla hujaajiriwa.

Nina neno kuhusu kujitolea. Miezi yangu mitatu ya kwanza sikulipwa na kampuni iliyokuwa imenichukua, ingawa tulikuwa tumekubaliana, na nililipa nauli kwa pesa ya mama yangu anayeuza vitenge. Kijana anaweza kujitolea ili ajifunze, lakini kumtuma mtu bondeni bila viatu vya mpira, bila nauli na bila bima ni dhuluma, na anayefanyiwa hivyo asidhani ndiyo desturi ya kazi.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kuhusu kuhama. Baada ya mafuriko ya 2011 serikali iliwapa viwanja baadhi ya waathirika huko Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Baadhi yao walirudi bondeni. Nimesikia watu wakisema kwa hasira kwamba hao hawajipendi. Mimi nimekaa nao. Kutoka Kigogo unafika Kariakoo kwa miguu, unauza, unarudi na pesa ya chakula jioni ileile. Kutoka Mabwepande ya miaka ile nauli ingekula faida yote. Mtu huyo alikuwa akilinganisha hatari mbili, ya maji yanayokuja mara moja moja na ya njaa inayokuja kila siku, na hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yetu kwa kuwa sisi tulipima moja tu. Tangu nilipolielewa hilo, kila dodoso ninaloandaa lina swali la riziki: unafanya kazi wapi, unafikaje, unalipa nauli kiasi gani. Bila majibu hayo ramani ya hatari ni nusu ramani.

Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliupitishia dola milioni 200 mwaka 2022, umewalipa wakazi fidia ili waondoke na mto upate nafasi yake. Nina maoni yangu kuhusu viwango vya fidia na kuhusu wapangaji, lakini ninaona ni hatua bora kuliko X nyekundu, na ninasema hivyo nikiwa nimeona zote mbili.

Nyumba ya bibi ilibomolewa mwaka 2024. Alinipigia simu mwenyewe kunijulisha kwamba amenunua mahali pa juu, Chanika, na kwamba ndoo amehama nayo. Mstari wa rangi ya chai ulianguka pamoja na ukuta. Kwenye faili letu umebaki kama nukta moja yenye kimo chake, tarehe yake na maelezo mafupi niliyoyaandika siku niliporudi: sakafu imeinuliwa kozi mbili, 2014.

Julai iliyopita nilikuwa Boko, upande wa Basihaya, na binti mmoja aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo, siku yake ya pili kazini. Vumbi lilikuwa jingi na mitaro mikavu kabisa. Tulikaribishwa kwenye nyumba ya mzee mmoja, akatuonyesha alama ya maji kwenye fremu ya mlango, nami nikampa binti futikamba. Aliinama akaigusa sakafu kwa kiganja, akatazama dirisha lilivyokaa chini, kisha akamgeukia mwenye nyumba kabla hajapima chochote. "Samahani, babu," alisema. "Hii sakafu mliijaza lini?"